Shati Limefika Gikomba, Ada Imebaki Ulaya

Mfanyabiashara wa mitumba hununua mali asiyoiona. Belo hufika sokoni limeshindiliwa kwa mashine na kufungwa mikanda, uzito wake mara nyingi kilo 45, juu yake kibandiko kinachotaja aina tu: mashati ya kiume, magauni mepesi, nguo za watoto. Fedha hutangulia, na nyingi ni za mkopo wa kikoba au za mchezo wa wiki. Kisu kikishapita kwenye mikanda ndipo mwenye mali anapojua kama amepata au ameumia, na akiumia hana wa kumrudishia mzigo.

Gikomba, Nairobi, nguo bora zinazochomolewa mwanzo huitwa kamera. Zile za mwisho, zenye madoa, zilizolegea shingo au zilizochanika kwapani, huitwa fagia. Kamera ndiyo inayorudisha mtaji. Fagia hutandazwa chini kwenye turubai, bei ikishuka kadiri jua linavyoshuka, na jioni kinachobaki hakina mnunuzi kwa bei yoyote. Kingine hupakiwa hadi Dandora, jalala lililotangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa lakini magari ya taka yanaendelea kuingia. Kingine huishia kingoni mwa Mto Nairobi, kikichanganyika na tope mpaka huwezi kujua kilikuwa sweta au suruali.

Tukizungumzia mitindo endelevu huwa tunaanzia dukani: pamba iliyolimwa bila kemikali, mfuko wa karatasi badala ya nailoni, kibandiko cha kijani shingoni. Mimi naanzia kwenye fagia kwa sababu huku mwisho ndiko ugonjwa unakoonekana wazi. Nguo ile ilipouzwa mara ya kwanza London au Berlin, bei yake ilihesabu kitambaa, ushonaji, meli, pango la duka na tangazo. Gharama ya kuizika haikuhesabiwa. Inalipwa na mama aliyenunua belo bovu, inalipwa na jiji linalozoa taka, inalipwa na mto.

Mzizi wa yote ni wingi, na ndilo jambo ambalo wenye viwanda hawapendi kulitaja. Mwaka 2000 dunia ilizalisha nyuzi za kutengenezea vitambaa tani milioni 58. Mwaka 2023, kwa hesabu za shirika la Textile Exchange, zilifika tani milioni 124. Watu hawakuongezeka mara mbili katika miaka hiyo. Kilichoongezeka ni idadi ya nguo kwa kila mtu, hasa kwa mtu mwenye fedha. Taasisi ya Ellen MacArthur ya Uingereza ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika miaka 15 uzalishaji wa nguo ulikaribia kuongezeka maradufu, huku mara ambazo nguo huvaliwa kabla ya kutupwa zikipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kampuni inaweza kwa nia njema kabisa kupunguza robo ya maji na umeme unaotumika kwa kila shati. Ikishona mashati maradufu, imeongeza madhara, na ripoti yake ya mwaka bado itakuwa na picha za miti.

Kwa kampuni nyingi ni rahisi zaidi kushona kupita kiasi kuliko kuishiwa mzigo msimu unapopamba moto. Mali inayobaki hushushwa bei, huuzwa kwa jumla au huharibiwa. Mwaka 2018 ilifahamika kwamba Burberry, kampuni ya kifahari ya Uingereza, iliteketeza katika mwaka mmoja bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6, kwa kuwa kuziuza kwa bei ya chini kungeshusha hadhi ya jina lake. Watu walipokasirika, ikaacha. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 2020, na kuanzia Januari 2022 ni marufuku huko kuchoma au kufukia nguo mpya ambazo hazijauzwa. Ni hatua ninayoiheshimu. Lakini inagusa nguo ambazo hazijauzwa. Zilizouzwa, zikavaliwa mara nne na kutupwa kwenye kontena la msaada, zina njia nyingine, na njia hiyo inapita baharini.

Kuna jambo kuhusu nyuzi zenyewe ambalo akina mama wa pwani wanalijua kwa mikono yao. Kanga mpya ya pamba huvaliwa kwenye harusi au Idi. Ikizoeleka inakuwa ya kushindia nyumbani na kupikia. Ikishafuliwa mpaka ikalainika, hapo ndipo thamani yake inapopanda, maana ndiyo ya kumpokelea mtoto mchanga na kumbebea mgongoni. Baada ya hapo inakatwa nepi, halafu kitambaa cha kushikia sufuria, halafu dekio. Ikifika jalalani kimebaki kipande cha pamba ambacho udongo unakila bila shida. Miaka kumi ya kazi kwa kitambaa kimoja, na kila hatua ilitegemea sifa moja ya pamba: inakunywa maji.

Leo sokoni zimejaa kanga za poliesta kwa sababu zina bei nafuu na rangi zake hazichuji haraka. Poliesta hainywi maji. Haimkaushi mtoto, haimfai kwenye joto la Tanga au Lamu, haideki sakafu, na ukiishikia sufuria ya moto inasinyaa. Kanga hiyo ikishachoka kuvaliwa, hatua zote za katikati zimefutika. Inatoka mwilini moja kwa moja mpaka jalalani, na huko haiozi. Napenda watu wanaotufundisha habari za uchumi wa mzunguko waanzie hapa. Mzunguko ulikuwepo katika nyumba zetu, na ulikatwa na nyuzi zinazotokana na mafuta ya petroli. Mwaka 2023 poliesta peke yake ilikuwa asilimia 57 ya nyuzi zote zilizozalishwa duniani.

Ndani ya mabelo hali ni hiyo hiyo. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets la Ulaya, likishirikiana na Clean Up Kenya, lilikadiria kwamba kila mwaka Kenya inapokea zaidi ya vipande milioni 300 vya nguo za plastiki ambavyo ni taka tangu vinaposhushwa melini. Wafanyabiashara wa mitumba wanaipinga hesabu hiyo na wanasema nguo zinazotupwa ni chache mno. Naelewa hofu yao: takwimu kama hizo ndizo zinazotumiwa kudai biashara yao ipigwe marufuku. Lakini fagia haikuzushwa na shirika la Ulaya. Jina hilo wamelitoa wao wenyewe sokoni kwa sababu wanaishi nayo.

Swali linalofuata huwa ni kwa nini nguo hizo zisirejelezwe kama chupa. Mtu anayeuliza hivyo ageuze shati lake asome kibandiko cha ndani. Atakuta pamba asilimia 60, poliesta 35, na kiasi kidogo cha uzi unaovutika. Kuzitenganisha nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja ni kazi ya kemia, na ni ghali. Kuna vifungo, zipu, vibandiko na uzi wa kushonea ambao mara nyingi ni poliesta hata kama shati ni la pamba tupu. Ukiisaga nguo kwa mashine, nyuzi zinakatika na kuwa fupi, na uzi wa nyuzi fupi ni dhaifu. Lazima uchanganye na nyuzi mpya. Mji wa Prato huko Italia umeishi kwa kurejeleza sufu tangu karne ya 19, na Panipat nchini India inasaga sweta za dunia nzima kutengeneza mablanketi. Wanafanikiwa kwa sababu wana mafundi wenye vidole vinavyoitambua sufu kwa kuigusa, na kwa sababu blanketi halidai uzi laini. Shati kuwa shati tena ni habari nyingine: chini ya asilimia moja ya nguo kuukuu duniani hurudi kuwa nguo mpya.

Ile poliesta iliyorejelezwa inayotangazwa madukani karibu yote hutokana na chupa za plastiki. Chupa inaweza kurudi kuwa chupa mara kadhaa. Ikishakuwa fulana, safari yake imeishia hapo.

Kampuni ya Renewcell ya Sweden ilikuwa imejaribu kwa dhati. Ilijenga kiwanda Sundsvall cha kuyeyusha nguo za pamba na kuzifanya malighafi mpya, wanamitindo wakubwa wakaisifu, magazeti yakaiandika. Februari 2024 ikafilisika kwa sababu wateja hawakununua vya kutosha. Malighafi ya kawaida ilikuwa nafuu zaidi. Baadaye mwekezaji mwingine aliichukua. Ninalolisoma katika kisa hicho ni kwamba teknolojia ilifanya kazi. Kilichoshindikana ni bei, na bei ya nguo mpya ni ya chini kwa sababu kuna watu wanaoifidia kwa jasho lao.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likaua watu 1,134, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, na wafanyakazi wakaamriwa warudi kwenye cherehani. Usalama wa majengo uliimarika baada ya hapo, na makubaliano yaliyosainiwa na kampuni za Ulaya yalisaidia sana. Mshahara haukwenda kwa kasi hiyo. Mwishoni mwa 2023, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, kima cha chini kilipandishwa hadi taka 12,500 kwa mwezi, kama dola 113, wakati wafanyakazi walikuwa wanadai 23,000. Fulana ya dola tano inaanzia hapo.

Kwetu, mjadala wa nguo umekuwa mjadala wa mitumba, na historia yake inauma. Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa na Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma na Kiltex Arusha. Kenya ilikuwa na Kicomi Kisumu na Rivatex Eldoret. Vingi vilififia au kufungwa kuanzia miaka ya 1980. Ni rahisi kuwalaumu wauza mitumba peke yao. Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alichunguza suala hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2008: mitumba ilieleza takriban asilimia 40 ya anguko la uzalishaji wa nguo Afrika kati ya 1981 na 2000. Ni nyingi. Lakini asilimia zinazobaki zina wenyewe pia: umeme wa kukatikakatika, mashine zilizochakaa bila vipuri, uongozi mbovu, na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Mwaka mmoja baadaye chama cha wasafirishaji wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye mpango wa AGOA, uliokuwa ukiziruhusu kuuza bidhaa huko bila ushuru. Kenya, yenye viwanda vya kushonea soko la Marekani, ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma mwanzoni mwa 2018. Rwanda pekee ikashikilia ushuru wake uliopanda kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na tarehe 30 Julai 2018 ikasimamishiwa unafuu wa nguo zake. Agosti 2023 Rais Museveni, akiwa Mbale, alitangaza kuwa Uganda nayo itapiga marufuku mitumba, akiziita nguo za wafu. Soko la Owino, Kampala, lilipumua kwa shida siku zile.

Siungi mkono marufuku ya ghafla, na nasema hivyo nikiwa natamani viwanda vyetu virudi kuliko ninavyoweza kueleza. Rwanda ilipofunga mlango, mitumba mingine ilipenya kwa magendo mipakani, na pengo lililobaki lilijazwa kwa sehemu kubwa na nguo mpya za Kichina, nyingi za poliesta nyembamba isiyodumu kama suruali ya jinzi iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine. Kwa mazingira hiyo ni hasara. Na fikiria ni nani angepoteza riziki: mchukuzi wa mabelo, mfua nguo, mpiga pasi, machinga anayeita jero jero, yaani mia tano mia tano, pale soko la Karume, Dar es Salaam, na fundi cherehani.

Huyo fundi anastahili heshima zaidi ya anayopewa. Anakaa kibarazani na cherehani ya miguu, isiyokula umeme. Shati la mtu mnene analibana liwe la mwembamba. Gauni refu anatoa pindo na kitambaa kilichobaki anakitia mfukoni mwa sketi nyingine. Zipu iliyokufa anaing'oa na kuweka iliyotolewa kwenye begi bovu. Ufaransa mwaka 2023 ilianza kuwalipia raia sehemu ya gharama za kutengenezesha nguo na viatu, maana ufundi huo ulikuwa umekaribia kutoweka mitaani kwao. Sisi bado tunao, karibu kila mtaa. Hatari ni kwamba bei ya blauzi mpya ya mtandaoni inaukaribia ujira wa fundi wa kurekebisha blauzi ya zamani, na siku bei hizo zikilingana vijana hawatajifunza tena kazi hiyo. Halmashauri inayomfukuza fundi kibarazani kwa jina la usafi wa jiji ifikirie anayemfukuza ni nani.

Na viwanda? Pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza hulimwa kwa mvua, si kwa mifereji kama ile iliyoikausha Bahari ya Aral huko Asia ya Kati, na huchumwa kwa mkono. Wilayani Meatu, tangu 1994, kampuni ya bioRe imekuwa ikinunua pamba inayolimwa bila dawa za viwandani na kuiuza Ulaya. Hiyo ni malighafi ambayo kila mbunifu anayejitangaza kuwa mwendelevu angeitaka. Lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huchambuliwa mbegu tu, ikafungwa marobota na kwenda Asia kusokotwa. Faida ya uzi, kitambaa na rangi inabaki huko, pamoja na moshi wa meli za kwenda na kurudi. Kenya, kwa upande wake, iliifufua Rivatex: Chuo Kikuu cha Moi kiliichukua mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa na mitambo mipya kwa mkopo wa India. Tangu hapo kilio chake kimekuwa uhaba wa pamba. Kutoka Bariadi, Simiyu, hadi Eldoret ni karibu kuliko kutoka Bariadi hadi bandari yoyote ya Asia, na jambo hilo lingestahili kikao cha mawaziri kuliko matamko kumi ya kupiga marufuku.

Narudi kwenye gharama ya kuzika nguo, kwa sababu sasa kuna dirisha limefunguka. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2007 inayomtaka mwuzaji wa nguo alipe ada kwa kila kipande anachoingiza sokoni, senti chache za yuro, ili nguo hiyo ikusanywe na kuchambuliwa ikishatupwa. Umoja wa Ulaya sasa unaufanya utaratibu huo kuwa wa lazima: agizo lililoanza kutumika Oktoba 2025 limezipa nchi wanachama miezi 30, yaani hadi Aprili 2028, kila moja iwe na mfumo wake wa ada. Tangu Januari 2025 nchi hizo zinatakiwa pia kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine, kwa hiyo zitakusanywa nyingi zaidi, na nyingi zaidi zitatafuta pa kwenda. Mwaka 2019 Ulaya ilisafirisha nje karibu tani milioni 1.7 za nguo zilizotumika, mara tatu ya zile za mwaka 2000, na asilimia 46 zilikuja Afrika. Nyingine hupitia kwanza kwa wachambuzi wa Sharjah au Karachi, ambako belo hufunguliwa, hupangwa upya na kupata kibandiko kipya.

Mifumo hii ya ada imejengwa kwa kuangalia taka za huko huko. Fedha zinajenga makontena ya kukusanyia, zinalipa wachambuzi, zinagharimia utafiti. Nguo ikionekana bado inavalika na kuuzwa nje, kwa Ulaya kazi imekwisha: imehesabiwa kuwa imetumika tena. Ikigeuka fagia wiki tatu baadaye Nairobi, Accra au Dar es Salaam, ada iliyolipwa kwa ajili yake haiko nayo. Kuanzia Mei 2027 Ulaya itazuia kupeleka taka kwenye nchi zilizo nje ya OECD, jumuiya yenye nchi nyingi tajiri, ambazo hazijaomba na kuidhinishwa, lakini belo likiandikwa kuwa ni nguo za kuvaliwa, halihesabiwi taka. Anayeamua kipi ni vazi na kipi ni taka anakaa Ulaya au Ghuba. Anayelipia kosa la uamuzi huo anakaa juu ya ndoo Gikomba.

Kinachodaiwa hakihitaji kufunga soko lolote. Ada isafiri pamoja na nguo, kwa uzito, hadi kwenye jiji itakakofia. Mwenye belo awe na haki ya kulirudisha likikutwa limejaa uchafu, na gharama imwangukie aliyelifunga. Vyama vya wauza mitumba viitwe mezani, kwa sababu hakuna mtaalamu anayejua yaliyomo ndani ya mabelo kama wao. Mwaka 2018 nchi zetu zilishindwa kwa kuwa kila moja ilijibu barua ya Washington peke yake. Brussels ni meza nyingine, ina kalenda inayojulikana, na inaheshimu namba. Kwa hiyo kazi ya kuanza nayo ni ya mizani: wizara za mazingira za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ziweke watu Gikomba, Karume na Owino, wapime kwa mwaka mzima kila belo linatoa kilo ngapi za fagia, na ni shilingi ngapi jiji linalipa kuizoa kila kilo. Hesabu hiyo ikipelekwa Brussels kabla ya Aprili 2028, itajibiwa kwa hesabu.